Nanga, mnyororo na king'ora: tathmini ya vifaa vya kulindia baiskeli nyumbani

Makufuli mengi ya baiskeli hutengenezwa kwa kufikiria barabara, na tathmini nyingi huyapima kwa kigezo hicho hicho: uzito wake ndani ya begi, urahisi wa kuyabeba kwenye fremu, na muda ambao yatamchelewesha mwizi huku wapita njia wakimtazama. Baiskeli inayolala nyumbani iko katika mazingira mengine kabisa. Mwizi aliyeingia bandani usiku hana wa kumtazama, ana giza, huenda ana saa nzima badala ya dakika chache, na mara nyingi atakuta humo humo mtaimbo, sururu na msumeno wa mwenye nyumba. Mwenye baiskeli naye ana nafuu ambayo hana akiwa njiani, kwani uzito wa kifaa haumhusu. Mnyororo wa kilo saba, ambao hakuna mwendeshaji angeubeba kwa hiari yake, unaweza kuning'inia ukutani miaka kumi bila kumchosha mtu yeyote. Tathmini hii inavipima vifaa katika hali hiyo tu: baiskeli imesimama mahali pamoja, usiku, nyuma ya mlango, na mwizi hana haraka.

Hukumu yangu naitanguliza, kwa sababu ndiyo inayopanga yote yatakayofuata. Katika ulinzi wa nyumbani kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote ni nanga, yaani pete nene ya chuma inayofungwa ukutani au sakafuni kwa bolti, na kufuli huja baada yake. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Hununua kufuli la bei ya juu, hulipitisha kwenye fremu na gurudumu, kisha huiegemeza baiskeli ukutani ikiwa haikufungwa kwenye kitu chochote. Baiskeli ya kawaida ina uzito wa kilo 10 hadi 15 hivi. Mtu mmoja huinyanyua begani pamoja na kufuli lake, akaipakia garini, kisha akalikata kufuli hilo kesho yake mahali ambapo hakuna anayesikia. Kufuli la namna hiyo halikumzuia mwizi, limemwahirishia kazi tu.

Nanga zinazouzwa ni za aina tatu, na hazilingani. Ya kwanza ni bamba la chuma lenye matundu ya bolti na pete inayosimama au kulala; ndiyo rahisi zaidi kufunga, na ndiyo inayowafaa watu wengi. Ya pili ni pete yenye miguu mirefu inayozamishwa ukutani kwa gundi ya kemikali, ile ya sehemu mbili ambayo hujazwa ndani ya tundu na kushikana na zege inapokauka. Ya tatu hufukiwa katika zege bichi, na hiyo haing'oki mpaka sakafu yenyewe ivunjwe, ila inamtaka mtu anayejenga au aliye tayari kuchimba shimo. Ikiwa sakafu inamwagwa upya, nunua ya tatu bila kusita. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kuja kutoboa baadaye.

Kwa aina ya kwanza, jambo la kuchunguza kabla ya kulipa ni vichwa vya bolti. Bolti yenye kichwa cha pembe sita kilicho wazi hufunguliwa kwa spana ya kawaida, na nimeona nanga za bei nafuu zinazouzwa na bolti za namna hiyo, bamba lenyewe likiwa zito na la kuvutia. Nanga nzuri ama hufunika vichwa vya bolti pale pete inapofungwa, ama huja na vigololi vya chuma ambavyo hugongwa kwa nyundo ndani ya tundu la kichwa cha bolti baada ya kukazwa, ili ufunguo wowote usiweze kuingia tena. Vigololi hivyo havitoki. Kwa hiyo nanga ikishafungwa hivyo itabaki pale hata ukihama, na aliye mpangaji inampasa apate ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kuwasha drili.

Nanga haiwezi kuwa imara kuliko ukuta unaoishika, na hapa ndipo maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi huwa mafupi mno. Zege lililojaa ndilo bora, na ndani yake bolti za kutanuka za milimita 12 zilizozama kiasi cha sentimita 10 hushika vizuri sana. Tofali lililojaa linafaa pia, lakini bolti ya kutanuka hufanya kazi kwa kusukuma kuta za tundu kuelekea nje, na tofali likisukumwa karibu na ukingo wake hupasuka. Ndiyo maana kwa ukuta wa tofali napendelea gundi ya kemikali, ambayo hushika bila kusukuma. Toboa katikati ya tofali, kamwe si kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali na tofali. Tofali lenye matundu ndani ndilo la kuhofiwa: bolti hutanukia hewani, hujikaza kwa muda kiasi cha kumridhisha fundi, kisha hutoka kwa pigo moja la mtaimbo. Kwa ukuta wa aina hiyo ama shuka sakafuni, ama pitisha bolti ukuta mzima na uweke bamba la chuma upande wa pili. Ukuta wa mbao usihesabiwe kabisa. Mbao hukatwa, na nanga huondoka na kipande chake.

Kuna hatua moja ndogo ambayo watu huiruka kwa sababu inaonekana ya usafi tu. Tundu likishatobolewa hujaa vumbi, na vumbi hilo huzuia gundi kushika zege na hupunguza mshiko wa bolti. Lipige brashi, lipulize, lipige tena. Ukitumia gundi, subiri muda wote uliotajwa kwenye mkebe kabla ya kuining'inizia chochote, na kumbuka kwamba baridi huurefusha muda huo.

Nanga ikae wapi? Watengenezaji wengi huonyesha picha ya nanga iliyo sakafuni, na kwa pikipiki hilo lina sababu zake. Kwa baiskeli napendelea ukuta, kiasi cha nusu mita au zaidi kutoka chini. Mnyororo unaolala sakafuni humpa mwizi faida mbili: anaweza kuukandamiza mkono mmoja wa mkasi wa chuma sakafuni na kusimama juu ya ule mwingine kwa uzito wa mwili wake wote, na anaweza kuipiga pete ya mnyororo au kufuli kwa nyundo kubwa huku sakafu ikifanya kazi ya fuawe. Mnyororo unaoning'inia bila kugusa chini, na uliovutwa kiasi kwamba haubaki na ulegevu, humnyima yote mawili. Ikiwa huna budi kutumia nanga ya sakafuni, fupisha mnyororo kwa kuuzungusha kwenye fremu hadi kufuli libaki juu.

Sasa mnyororo wenyewe. Unene wa chuma cha pete ndio unaoamua ni kifaa gani kitaukata. Mnyororo wa milimita 10, hata ukiwa wa chuma kilichotiwa ugumu, hukatwa na mtu mmoja mwenye mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, ule wenye mikono ya karibu mita moja. Wa milimita 13 uko mpakani; hutegemea ubora wa chuma, nguvu za mkataji na nafasi aliyo nayo. Wa milimita 16 uliotengenezwa vyema uko nje ya uwezo wa mikasi ya mkono. Uzito hupanda haraka zaidi kuliko unene: mnyororo wa milimita 10 una zaidi kidogo ya kilo 2 kwa kila mita, na wa milimita 16 unafikia kiasi cha kilo 5. Barabarani tofauti hiyo ndiyo huwafanya watu wanunue mwembamba. Nyumbani sioni hoja yoyote ya kununua chini ya milimita 13, na kwa baiskeli ya umeme au ya mashindano ningekwenda moja kwa moja kwenye 16.

Mnyororo mnene wa dukani wa kuinulia mizigo au kufungia lango si mbadala, ingawa kwa macho unafanana. Chuma chake ni laini, na msumeno wa mkono hukikata. Njia rahisi ya kujua ni kupitisha tupa kwenye pete: kwenye chuma laini tupa inauma na kutoa unga, kwenye chuma kilichotiwa ugumu inateleza tu. Minyororo bora hutiwa ugumu kwenye ganda la nje huku kiini kikiachwa na ulaini kidogo, kwa kuwa chuma kigumu hadi ndani hustahimili msumeno lakini huweza kuvunjika kikipigwa, hasa kwenye baridi kali. Angalia pia nafasi iliyo ndani ya pete. Pete fupi yenye nafasi finyu humzuia mwizi kupenyeza mdomo wa mkasi au chombo cha kupanulia.

Katika bidhaa zenye majina, mnyororo wa Kryptonite New York Fahgettaboudit una pete za pembe sita zenye unene wa milimita 14, na toleo lake la takriban mita moja lina uzito wa karibu kilo 5 pamoja na kufuli lake. Ni mnyororo mzuri, na kwa baiskeli moja iliyo karibu kabisa na nanga unatosha. Kasoro ya toleo hilo kwa matumizi ya nyumbani ni urefu, kwa sababu mita moja haizifikii baiskeli mbili isipokuwa zimesongamana. Kampuni za Uingereza kama Almax na Pragmasis, ambazo zilianza kwa kuwalenga zaidi wenye pikipiki, huuza minyororo ya milimita 16 na hata 19 kwa urefu mbalimbali, na kwa familia yenye baiskeli kadhaa napenda mpango huo kuliko kununua makufuli matatu tofauti. Baadhi ya minyororo hiyo ina pete kubwa upande mmoja ili upande wa pili upite ndani yake na kufanya kitanzi. Kitanzi huongeza urefu unaotumika, kwa kuwa ni ncha moja tu inayorudi kwenye kufuli. Mnyororo upitie ndani ya fremu, kamwe usipite kwenye gurudumu peke yake, na ukiweza upitishe nyuma, pale ambapo fremu na gurudumu la nyuma vinakutana, ili vyote viwili vishikwe.

Kufuli la kufungia mnyororo huo lichaguliwe baada ya mnyororo, likiwa mkononi pamoja nao ikiwezekana. Upinde wa kufuli, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita ndani ya pete, ukiwa wa milimita 16 hauingii katika kila pete, na pete mbili za mnyororo mnene hujaza nafasi yote ya kufuli dogo hata lisifunge. Kubanana kwenyewe, mradi kufuli lifunge, ni jambo jema, kwani kufuli lisilo na nafasi tupu halina mahali pa kuingiza mtaimbo. Kufuli la kawaida la lango lenye upinde mrefu ulio wazi halifai hata kidogo, kwa sababu mwizi hatauangalia mnyororo wako wa thamani, ataukata upinde huo.

Madaraja yanayochapishwa kwenye maboksi yanasaidia, mradi yasomwe kwa makini. Sold Secure, taasisi ya kupima vifaa vya ulinzi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1992 na polisi wa Northumbria na Essex kwa msaada wa wizara ya mambo ya ndani ya nchi hiyo, hupanga bidhaa katika Bronze, Silver, Gold na Diamond. Uholanzi ina ART, ambayo hutumia nyota. Jambo linalowapita wanunuzi ni kwamba daraja hutolewa kwa aina ya chombo cha usafiri: Gold ya baiskeli si Gold ya pikipiki, na ile ya pikipiki hudai uvumilivu mkubwa zaidi. Kwa kuwa nyumbani uzito hautusumbui, naona ni busara kununua mnyororo na nanga zenye daraja la pikipiki na kuachana na madaraja ya baiskeli. Maandishi ya mtengenezaji mwenyewe, yale ya kujipa alama tisa kati ya kumi kwa kipimo alichokitunga yeye, hayana uzito wowote wa kulinganisha kampuni na kampuni.

Kisha kuna grenda ya betri, ile mashine ya mkono inayokata chuma kwa diski inayozunguka, na juu yake ni lazima kusema wazi. Grenda inakata mnyororo wa milimita 16 kwa muda unaohesabika kwa dakika, pengine chini ya hapo, na hakuna chuma cha kawaida kitakachobadilisha hilo. Mnyororo mnene hulazimisha pete ikatwe pande mbili, jambo ambalo huongeza muda, kelele na cheche, na kelele hiyo ndiyo ulinzi wako halisi. Kwa hiyo mahali penye watu wanaolala karibu mnyororo una thamani kubwa. Banda lililo mbali mwishoni mwa shamba ni habari nyingine.

Kampuni chache zimejaribu kulijibu tatizo hilo. Hiplok D1000 ni kufuli la umbo la U ambalo chuma chake kimezungushiwa mchanganyiko wenye grafini, aina ya kaboni iliyo imara sana, na Litelok X1 hutumia mchanganyiko ambao kampuni inauita Barronium. Yote mawili hufanya kazi kwa kuilemea na kuila diski ya grenda, hivi kwamba mwizi huhitaji diski kadhaa na betri yenye chaji ya kutosha. Hayakatiki kirahisi, ingawa hukatika. Bei yake ni ya juu, na nafasi ya ndani ya D1000 ni ndogo. Kwa matumizi ya barabarani naelewa kwa nini watu wanayanunua. Kwa nyumbani yana maana katika hali moja tu, yaani pale nanga yenyewe inapokuwa ya kiwango hicho. Kulifunga kufuli linalostahimili grenda kwenye pete ya kawaida ya chuma ni kumwonyesha mwizi akate wapi.

Kuhusu funguo na silinda, yaani sehemu ya kufuli inayopokea ufunguo, nitakuwa mfupi, kwa sababu wezi wa mabandani hawafungui kwa ufundi, huvunja. Hata hivyo yaliyotokea mwaka 2004 hayapaswi kusahaulika: makufuli ya Kryptonite yenye funguo za duara yalionekana yakifunguliwa kwa mrija wa kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Kufuli kuukuu lenye tundu la ufunguo la duara lililosalia stoo tangu enzi hizo lisipewe kazi ya kulinda chochote. Silinda za visahani vinavyozunguka, mfumo ambao Emil Henriksson aliubuni Finland mwaka 1907 na ambao kampuni ya Abloy imejijengea jina kwao, ni ngumu kuchokonoa na huvumilia uchafu vizuri, nao sasa unapatikana katika makufuli mengi ya baiskeli ya hali ya juu. Kufuli linalokaa bandani hupata kutu na vumbi zaidi kuliko linalotumika kila siku, kwa hiyo litiwe kilainishi kikavu mara kwa mara. Mafuta mazito hunasa vumbi na mwishowe hukwamisha.

Mlango nauweka nyuma ya nanga na mnyororo kwa umuhimu, ingawa ndio mwizi anaokutana nao kwanza. Sababu ni kwamba mlango wa banda la mbao unaweza kuimarishwa mpaka ukuta wenyewe uwe ndio sehemu dhaifu, na hapo umefika mwisho. Bado kuna maboresho ya bei ndogo yenye faida kubwa. Bawaba zilizofungwa kwa skrubu za kawaida upande wa nje hufunguliwa kwa bisibisi bila kugusa kufuli, kwa hiyo skrubu hizo zibadilishwe ziwe bolti zenye kichwa laini cha mviringo kwa nje na nati kwa ndani. Bamba la kufungia kufuli nalo lipitishwe bolti, si skrubu fupi zinazoshika nusu ya ubao. Kwa kufuli la mlangoni, kiwango cha Ulaya cha EN 12320 hupanga makufuli kutoka daraja la 1 hadi la 6. Chukua lenye mabega yanayofunika upinde, na usilipe nyongeza kwa daraja ambalo ubao wa mlango hauwezi kulifikia. Dirisha lizibwe kwa pazia au karatasi ya ukungu ili asiyehusika asione kilichomo. Vifaa vya kazi vihamishwe au vifungiwe sandukuni, kwani mtaimbo uliouacha mlangoni utatumika dhidi yako.

King'ora cha banda ni kifaa ninachokipenda kuliko nilivyotarajia, kwa masharti. Vile vya bei nafuu vinavyotumia betri, ambavyo huhisi mwendo au kufunguka kwa mlango kwa sumaku, huahidi sauti ya desibeli 110 hadi 130. Ndani ya banda dogo sauti hiyo inaudhi kweli kweli, nayo humwondolea mwizi ile saa nzima niliyoitaja mwanzoni. Nje ya kuta za banda hupungua sana, na jirani aliyezoea ving'ora vya magari hatanyanyuka kitandani. Kihisi cha sumaku mlangoni ni bora kuliko kihisi cha mwendo, kwa kuwa hakisumbuliwi na panya, paka wala jua linalopasha joto ghafla. King'ora kinacholia ovyo huzimwa na mwenye nyumba mwenyewe baada ya wiki, na ndio mwisho wake. Vilivyo bora zaidi hutuma ujumbe kwenye simu au hulia ndani ya nyumba badala ya bandani, maana mtu wa kuamshwa ni wewe. Makufuli yenye king'ora ndani yake sikuyapenda: silinda zake kwa kawaida ni za kawaida mno, na bei imelipia sauti.

Vifuatiliaji havizuii wizi, na matangazo yake hufanya watu wasahau hilo. AirTag ya Apple, iliyotoka mwaka 2021, haina GPS. Hutegemea simu za Apple zinazopita karibu, na imeundwa kumtahadharisha mtu asiye mwenyewe kwamba kuna kifuatiliaji kinachosafiri naye. Tahadhari hiyo iliwekwa kwa sababu nzuri ya kuzuia watu kuviziwa, lakini humjulisha mwizi pia. Kifuatiliaji cha GPS chenye laini ya simu hufanya kazi popote penye mtandao, ila hudai chaji na malipo ya kila mwezi, na baiskeli iliyofichwa chini ya paa la bati au ghorofa ya chini ya ardhi huenda isionekane kabisa. Ukinunua kimoja, kifiche ndani ya fremu au chini ya kiti mahali pasipotarajiwa, na kikikuonyesha baiskeli ilipo, waite polisi. Usiende peke yako.

Wenye baiskeli za umeme wana jambo la ziada ambalo ni rahisi kulitatua. Betri ni sehemu kubwa ya thamani ya baiskeli hiyo, inatoka kwa ufunguo, na inauzika peke yake. Iingizwe ndani ya nyumba kila usiku. Kwa baiskeli nyingine, magurudumu yanayofunguka kwa mkono bila spana hubebwa hata kama fremu imefungwa barabara, na njia nafuu ni kubadilisha mihimili yake iwe ya nati au ya ufunguo maalumu kama ile ya kampuni ya Pinhead. Ikiwa baiskeli haitumiki msimu mzima, toa gurudumu la mbele na uliweke chumbani. Baiskeli isiyoendesheka haimpi mwizi njia rahisi ya kuondokea.

Wanaoishi ghorofani na kuhifadhi baiskeli katika ukumbi au chumba cha pamoja wako katika hali ngumu kuliko wenye banda, kwa sababu mlango unafunguliwa na watu wengi na baiskeli hufungwa kwenye reli ya ngazi. Reli hizo mara nyingi ni bomba jembamba lililoshikwa kwa skrubu. Hapo ningeomba wakazi wakubaliane kufunga nanga kadhaa kwa pamoja, na wakati huo huo nisizibe njia ya kutokea moto ukizuka, kwani kanuni za majengo katika nchi nyingi hukataza kuweka vitu humo. Kama baiskeli inaweza kupanda hadi ndani ya nyumba na kutundikwa ukutani, hiyo inashinda kila kufuli nililolitaja. Roshani ya ghorofa ya kwanza si ndani ya nyumba.

Namna mwizi anavyojua baiskeli ilipo ni sehemu ya ulinzi pia. Programu kama Strava huonyesha safari ilipoanzia na ilipoishia, na rekodi ya mtu anayepanda baiskeli ya thamani kila asubuhi ni ramani ya mlango wake. Programu hiyo ina mipangilio ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari. Iwashwe, na picha za baiskeli zisipigwe mbele ya geti lenye namba ya nyumba. Unapouza baiskeli au kipuri kupitia intaneti, mnunuzi mtarajiwa asionyeshwe bandani kwako. Baiskeli inayouzwa itolewe nje.

Kilichobaki ni maandalizi ya siku ambayo vyote hivyo vimeshindwa, nayo hayagharimu karibu chochote. Namba ya fremu kwa kawaida imechongwa chini, penye mhimili wa pedeli. Iandike, ipige picha, na uisajili katika orodha inayotumika mahali ulipo, kama BikeRegister ya Uingereza au Bike Index iliyoanzia Marekani. Ufaransa tangu mwaka 2021 humtaka mfanyabiashara atie alama ya utambulisho kwenye kila baiskeli mpya anayoiuza. Kwa upande wa bima, soma kifungu cha uhifadhi kabla ya kununua kufuli, si baadaye: mikataba mingi hutaka kufuli la daraja lililotajwa, baiskeli iliyofungwa kwenye kitu kisichohamishika, na huweka kikomo tofauti kwa mali iliyo bandani na iliyo ndani ya nyumba. Tunza risiti ya nanga, ya mnyororo na ya kufuli pamoja na ile ya baiskeli, na ufunguo wa akiba uweke ndani ya nyumba, kwa kuwa baadhi ya kampuni za bima huomba kuonyeshwa funguo zote. Piga picha moja inayoonyesha baiskeli ikiwa imefungwa, vichwa vya bolti vikionekana na namba ya fremu ikisomeka, kisha uihifadhi mahali ambapo simu ikiibwa pamoja na baiskeli bado utaipata.